Bi Mdogo wa Ndani ya Greda

Kuna ndoa za sebuleni na kuna ndoa za jikoni. Ndoa ya Mama Jicho ilikuwa ya barabarani, mbele ya greda, kwenye vumbi na moshi wa dizeli, na mgeni angeweza kukaa nyumbani kwao wiki nzima akaondoka akiapa kwamba wale wawili hawapendani. Mumewe alisema "chumvi," naye akasogeza chumvi. Aliuliza "mlango?" naye akajibu "nimefunga." Wakilala, kila mmoja alitazama ukuta wake. Lakini kukipambazuka, mume akishapanda kwenye greda na mke akishavaa kizibao chake cha rangi ya chungwa na kusimama mbele, hapo ndipo walipoongea.

Waliongea kwa mikono. Greda, kwa asiyeijua, ni ile mashine ndefu yenye bledi tumboni, bamba refu la chuma linalokwangua kifusi mpaka barabara ikae sawa kabla ya lami. Dereva yuko juu kwenye kiti, bledi iko chini inakata, na ukikata kwa kukisia utaaibika: ukizidisha umeitoboa barabara, ukipunguza umeacha vilima. Kwa hiyo lazima awepo mtu ardhini, mwenye kamba iliyovutwa kwenye vigingi na fimbo ya kupimia, wa kumwambia dereva apandishe, ashushe, au aache hapo hapo. Mtu huyo alikuwa Mama Jicho. Akiinua kidole gumba, bledi inapanda. Akilaza kiganja, inashuka. Akifumba ngumi, inatulia. Fimbo yenyewe aliibeba kwa heshima tu, maana jicho lake lilikuwa limeshaona kabla fimbo haijagusa chini.

Mumewe walimwita Siagi, kwa jinsi alivyolaza kifusi kikalala. Alikuwa mtu wa maneno machache na hasira za karibu. Kabla ya Mama Jicho alikuwa amewafukuza wote waliowahi kusimama mbele ya bledi yake: huyu kipofu, yule mvivu, yule ananionea. Yeye alikuja kazini kubeba vigingi, msichana mwembamba wa shingo ndefu, na siku moja mshika kamba hakutokea, akasimamishwa yeye. Jioni Siagi alishuka, akafuta uso kwa kofia, akamwuliza anaitwa nani. Kwa Siagi, hiyo ilikuwa hotuba. Wazazi waliendewa baadaye, mambo yakafanywa kama yanavyofanywa, lakini Mama Jicho siku zote alihesabu kwamba aliposwa mchana ule, kwa jinsi bledi ilivyoitikia kidole chake bila ubishi.

Wakazeeka hivyo, mtu na mkewe na mashine kati yao. Binti yao akakua, akaolewa, akawa anapiga simu kusema, "Mama, pumzika sasa." Mama Jicho alikuwa akimjibu kwamba mtu hapumziki na kazi anayoipenda, kisha anabadilisha mazungumzo, kwa sababu si kazi hasa aliyokuwa anaipenda. Alikuwa akipenda kutazamwa. Kutwa nzima mwanamume yule hakuondoa macho mikononi mwake. Niambie ni mke gani wa umri ule anayepata hayo.

Ndipo kikaja kisanduku.

Kilifungwa mbele ya kiti cha dereva, chenye kioo kama cha televisheni ndogo, na juu ya bledi zikasimamishwa nguzo mbili zenye vitu vyeupe mfano wa uyoga. Fundi aliyekuja nacho, mtu mpole mwenye kitambaa cha kufutia miwani, aliwaeleza madereva kwa subira. Uyoga unajua bledi ilipo. Kisanduku kimewekewa barabara nzima ilivyochorwa. Bledi ikiwa juu, kisanduku kinaishusha chenyewe. Ikiwa chini, kinaipandisha chenyewe. Dereva ashike usukani tu. Siagi alikaa mstari wa mbele, akaitikia kwa kichwa kila neno, kama muumini.

Watu wa kazini hawana adabu. Kabla jua halijazama, kisanduku kilikuwa kimeshapewa jina.

"Siagi kaoa bi mdogo!" alipaza sauti dereva wa tingatinga, mtu wa maneno mengi kuliko udongo anaousukuma. "Hana mdomo, hana ndugu, haombi nguo!"

"Tena hachoki kusimama juani," akadakia mwingine.

Mama Jicho alicheka na wenzake. Ukichekewa nawe ucheke, ndivyo alivyolelewa. Lakini asubuhi iliyofuata alisimama mahali pake, akainua kidole, na bledi ikapanda kabla kidole hakijafika juu. Akatazama kiti. Siagi alikuwa anatazama kioo.

Msimamizi wa mradi alimwita pembeni, akamzungumzia vizuri, na pengine ndiyo ikauma zaidi. "Mama, kazi uliyoifanya hapa hakuna asiyeijua. Sasa kapumzike. Tukiwa na haja tutakuita." Alimpa mkono. Mama Jicho akavua kizibao, akakikunja, akamkabidhi, na msimamizi akamrudishia, akasema, "Kaa nacho, mama." Akakibeba mpaka nyumbani kwenye mfuko wa nailoni.

Nyumbani ndiko alikoonja uchungu wenyewe. Siagi alianza kuongea! Mwanamume ambaye kwa miaka alihesabu maneno kama dawa, sasa alirudi jioni hata viatu hajavua, anasimulia. Kioo kinaonyesha mstari wa kijani ukiwa sawa, mwekundu ukizidi. Siku moja kifusi kilikuwa na mawe, bledi ikadunda, kisanduku kikairudisha chenyewe, we! Alimaliza kipande cha barabara wakati rola ya kushindilia haijapashwa moto. Mkewe alimpakulia, akamsikiliza, akawaza: nimengoja maneno haya ujana wangu wote, na yamekuja, yote ni ya mwenzangu.

"Na mashine ile haikasiriki," Siagi alisema siku moja huku akimenya chungwa. "Ukikosea inakurekebisha kimya kimya. Hainuni."

"Mimi nilikuwa nanuna?"

Siagi akafikiri. Alikuwa mtu mkweli, Mungu amsamehe. "Ulikuwa unanuna kwa mikono," akasema.

Wifi yake, dada wa Siagi, aliyepanga chumba upande wa pili wa ua, alicheka mpaka akashika ukuta. "Wifi, umetolewa na chuma! Afadhali ungetolewa na mtu, tungemfuata tukamsute."

"Niache, wifi."

"Nikuache na nani? Mume unaye lakini hana habari nawe."

Mama Jicho alifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Alifagia ua ambao wifi yake alikuwa ameshaufagia. Alichukia kisanduku, na akamchukia mumewe kwa kukipenda, na nafsi yake akaichukia zaidi kwa kumwonea wivu mtambo. Hakuna aliyemwambia haya. Ndivyo alivyokuwa anajiambia mwenyewe akisugua sufuria.

Basi siku moja, jua likiwa bado halijafika utosini, Siagi alitokea nyumbani kwenye pikipiki ya karani. Uso ulikuwa umemshuka. "Vaa kizibao," alisema. "Msimamizi anakuita. Kisanduku kimekuwa kichaa."

Moyo wake, niseme ukweli, uliruka kwa furaha. Njiani, ameshika mabega ya mumewe, alisikia habari yote kwa vipande. Mpima wa kampuni alikuwa amepitisha vipimo vyake akakuta barabara imekatwa kupita kiasi, kipande kirefu kizima. Kifusi kitabidi kimwagwe upya. Msimamizi amefoka. Anataka kung'oa kisanduku, lakini kabla ya kukiandikia kampuni iliyokiuza, anataka kwanza mtu anayemwamini atazame kwa macho. Fundi wa kisanduku yuko mbali, na atafika lini hakuna ajuaye.

"Mimi nimeshika usukani tu," Siagi alisema kwa upepo. "Mstari ulikuwa kijani mwanzo mpaka mwisho. Kijani kabisa!"

Mama Jicho alivuta kamba kwenye vigingi, akatembea na fimbo yake. Safari hii aliitumia kweli. Akapima hapa, akapima pale, akaenda mbele mpaka kwenye kona, akarudi. Kila mahali kifusi kimekatwa zaidi kwa kiasi kile kile, upana wa vidole viwili. Hapo akashangaa. Mkono wa mtu ukikosea unakosea ovyo, huku zaidi, kule pungufu. Hili lilikuwa kosa lililonyooka.

Akainama kwenye greda, akatazama chini ya bledi, akaona.

Makali yalikuwa mapya. Chini ya kila bledi hufungwa vipande vya chuma kwa bolti, ndivyo vinavyokata, na vikishalika hufunguliwa vikafungwa vingine. Haya yalikuwa ya juzi tu, chuma kinang'aa, pembe bado za mraba. Makali mapya ni marefu kuliko yaliyolika, kwa upana wa vidole viwili hivi. Kisanduku kilikuwa bado kinadhani kina makali mafupi. Hakikuwa kimeharibika hata kidogo. Kilikuwa hakijaambiwa.

Na alijua kwa nini hakikuambiwa. Kwa miaka yote ile, kila mara karakana ilipomfungia Siagi makali mapya, ni yeye Mama Jicho aliyeyaona mapema, na kwenye mkwaruzo wa kwanza kabisa aliinua kidole, na Siagi akapandisha bila kuuliza. Siagi hakuwahi kujua kwamba makali mapya yanahitaji kuambiwa mtu. Hakuwahi kuwa na haja ya kujua. Siku ya mafunzo fundi alilisema, yeye akaitikia kwa kichwa, na maneno yakapita kama maji juu ya jani la gimbi.

Alisimama akapangusa magoti. Msimamizi alikuwa anamngoja, mikono kiunoni. Nyuma yake dereva wa tingatinga na watu wa rola walikuwa wameacha kazi, wanatazama. Na Siagi, aliyesimama pembeni na kofia mkononi, alikuwa anamtazama mkewe mikononi.

"Haya, Mama Jicho," msimamizi alisema. "Wewe hutadanganya. Kisanduku hiki ni kizima au kimeharibika?"

Sentensi moja tu ingetosha: mmebadilisha makali, kipeni kipimo kipya. Kabla chai haijachemka kila kitu kingekuwa sawa. Siagi angekaripiwa kidogo, kifusi kingemwagwa, kisanduku kingeendelea, na yeye angerudi nyumbani na mfuko wake wa nailoni, akasubiri jioni asimuliwe habari za mstari wa kijani.

"Mashine ni mashine," alisema. "Leo inaona, kesho haioni."

"Kwa hiyo kimeharibika?"

"Kimeharibika."

Msimamizi akavuta pumzi. "Kizimeni," akaamuru. "Mama, rudi mbele ya bledi."

Asubuhi ya kwanza ilikuwa tamu, na mimi sitaki kumnyima utamu wake. Kifusi kipya kilikuwa kimemwagwa na kunyunyiziwa maji, hewa ina harufu ya udongo uliolowa, na Siagi, kwa hofu ya kukosea tena, alimtazama kama zamani. Kidole juu, bledi juu. Kiganja chini, bledi chini. Walikwenda mpaka kwenye kona bila kusimama, yeye akitembea kinyumenyume mbele ya tani zote zile za chuma bila kuogopa, na dereva wa tingatinga akapiga honi kuwashangilia. Mama Jicho alicheka peke yake nyuma ya kitambaa cha vumbi. Alijiambia: nimefanya dhambi, na imenilipa.

Haikudumu. Mkono wa Siagi ulikuwa umeshazoea uvivu. Siku zilizofuata bledi iliitikia kwa kuchelewa, kisha ikazidisha ili kufidia. Kila alipobabaika macho yake yalikimbilia kioo, kioo cheusi kilichozimwa, kama mtu anayetazama mlango alikotokea mgeni aliyekwisha kuondoka. Mama Jicho aliinua kidole mara ya pili, ya tatu, akaanza kupunga mkono mzima.

"Unanipungia kama unafukuza kuku!" Siagi alifoka kutoka juu.

"Kwani hunioni?"

"Nakuona! Nakuona kutwa! Mwenzio alikuwa haninyanyasi hivi!"

Alisema mwenzio, hadharani, na rola zote zimezimwa. Watu wakageuza nyuso, hata dereva wa tingatinga. Kipande walichomaliza jioni ile kilikuwa na mawimbi ambayo mtoto angeyaona, na msimamizi akayaona.

Kisha fundi wa kisanduku akafika, mapema kuliko walivyodhani, na kitambaa chake cha miwani. Aliizunguka greda mara moja, akachuchumaa, akauliza kwa upole, "Makali mlibadilisha lini?"

Akatoa futi yake, akapima kutoka juu ya bledi mpaka ncha, akapanda kwenye kiti, akabonyeza, akashuka. "Kiko sawa," alisema. "Kilikuwa sawa tangu mwanzo. Ukikibadilishia makali, unakipa kipimo kipya. Tuliongea siku ile."

Msimamizi alimgeukia Siagi. Hakufoka, na watu wanaomjua walitamani afoke. "Uliambiwa?"

"Niliambiwa, mkuu."

"Ukasahau."

"Nilisahau."

"Basi kuanzia kesho utaendesha boza la maji. Greda atachukua dereva wa tingatinga."

Ndivyo dereva wa greda alivyokuwa mnyunyizia maji, anayetangulia kulowesha vumbi ili wengine wafanye kazi. Dereva wa tingatinga, ambaye hajawahi kulaza kifusi maishani mwake, alikaa kwenye kiti kile, akashika usukani, mstari ukawa kijani, na barabara ikalala kama siagi. Mama Jicho aliiona siku alipokwenda kurudisha fimbo. Aliinama akaitazama kwa jicho moja, akatafuta kasoro kwa moyo wote, akakosa.

Siagi aliacha tena kuongea. Jioni alikaa kitandani akitazama vidole vya miguu yake. Chakula alikirudisha nusu. Mkewe alipita chumbani akipanga vilivyopangika, na kila alipopita alikuwa na neno mdomoni, na kila mara alilimeza. Angemwambia nini? Kwamba aliyaona makali? Kwamba kiti chake alikiuza ili atazamwe kidogo?

Jioni moja Siagi aliinua kichwa ghafla. "Hebu nikuulize," alisema. "Siku ile ulipoinama chini ya bledi."

Mama Jicho aliweka sahani chini. "Ndiyo."

"Wewe ndiye Jicho. Nchi nzima hii ya barabara hakuna jicho kama lako. Na hukuyaona yale makali." Alikuwa anamtazama usoni, si mikononi, na ndani ya macho yake mlikuwa na kitu kinachoomba. "Kama hata wewe hukuyaona, basi mimi ningeyakumbukaje? Eti? Si mtu yeyote angekosea?"

Hiyo ndiyo kamba pekee aliyokuwa ameishikilia. Mama Jicho aliona kwamba akiikata, mumewe anaanguka. Na akiiacha, kinachoanguka ni kile kitu kimoja alichowahi kuwa nacho chake mwenyewe, jina lake.

"Macho yamezeeka," alisema. "Sikuyaona."

Siagi akashusha pumzi. Akavuta sahani, akala chote, akaomba nyongeza. Kesho yake kazini alimwambia kila mtu, kwa huruma, si kwa ubaya: mke wangu maskini, macho yamekwisha, hata makali mapya hakuyaona. Jina la Mama Jicho likaanza kutajwa kwa kicheko kidogo, kisha likaachwa kutajwa. Wifi yake akawa anamshika mkono kwenye ngazi ya ua. Binti akapiga simu kuuliza habari za miwani.

Na Siagi akawa mume mwema. Hilo ndilo alilopata. Akirudi anauliza, "Umeshindaje, mama?" Wakitembea anamwonyesha mtaro uko wapi. Jioni moja alimkuta barazani na shati lake lililofumuka, sindano mkono mmoja na uzi mkono mwingine, akavinyakua vyote viwili.

"Lete, lete. Usijiumize macho. Nitakutungia mimi."

Akainua sindano kwenye mwanga, akakunja uso, akalamba uzi, akakosa. Akalamba tena, akakosa tena, ulimi nje kama mtoto. Mama Jicho alikaa mikono mapajani akimtazama. Tundu la sindano alikuwa analiona wazi, na ncha ya uzi ikipita kandokando yake kila mara, upande wa kushoto.